Viganja vya Ukuta wa Kusini

Jumatano, 2 Aprili

Iddi imekwisha, sahani za majirani zimerudi kwao, na mimi Mwanasha binti Abdulwahab, mwalimu mstaafu na katibu wa kamati ya hifadhi ya kijiji cha Tumbeni, nimefungua daftari jipya. Kisa ni barua. Imeletwa leo asubuhi kutoka ofisi inayosimamia majengo ya kale. Ni barua ya adabu, lakini adabu ya mtu aliyekwisha kasirika. Inasema ukuta wa kusini wa Nyumba ya Mawe ulipakwa simiti, kinyume cha asili ya jengo. Simiti iondolewe, ukuta urudishiwe chokaa, na mkaguzi atakuja tarehe 12 Juni. Tusipofanya hivyo, Nyumba ya Mawe itatolewa katika orodha ya majengo yanayolindwa.

Ikitolewa, najua kitakachofuata. Wanunuzi wa viwanja vya pwani wameshaingia Mwabungo, wameshaingia Kinondo, na sisi tuko katikati. Kinachowazuia ni ile orodha tu.

Wasioijua nyumba yetu nawaeleza. Imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa kabla ya babu wa babu yangu kuzaliwa. Ndani ina madaka kumi na mawili, vishubaka vya ukutani vya kuwekea misahafu na taa, na watoto wa madrasa husomea humo hadi leo. Mlango ni wa mbao za mbambakofi. Watalii wa Diani huja kuupiga picha, nami husimama pale kuhakikisha hakuna anayepanda barazani na viatu. Katika ualimu wangu wa miaka thelathini na miwili sikuwahi kumpa mtu kumi kwa kumi, lakini nyumba hii nimeipa tisa na nusu. Nusu imekatwa kwa sababu ya ukuta wa kusini.

Simiti ile aliipaka Musyoki, fundi wa Kikamba anayekaa kule mashamba ya walowezi. Ni miaka tisa sasa. Kijiji kizima kinajua hivyo.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua ya kwanza. Imenyesha kwa adabu, ikaondoka.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimelazimika kumwita Musyoki mwenyewe. Mafundi wengine wote waliokuja waliuliza simiti iko wapi.

Amefika na mwavuli na nyundo ndogo. Amezeeka. Akanisalimu, "Shikamoo, Mwalimu," ingawa tunakaribiana umri, nami nikaitikia kwa sababu ni haki yangu. Akaugonga ukuta kwa vifundo vya vidole, huku sikio amelitega. Chini ulijibu kwa sauti nzito. Katikati, palipotuna, ulijibu kama debe tupu.

"Maji yameingia nyuma ya simiti, hayana pa kutokea," akasema. "Mawe haya yanapumua, Mwalimu. Nilikuambia."

Nilijifanya kutazama mawingu. "Tuzungumze kazi ya leo," nikasema.

Kazi ya leo ni ngumu. Kuibandua simiti si neno, neno ni chokaa. Ile ya mifuko ya dukani anasema ni ya kupakia rangi tu, haitaushika ukuta huu. Kuchoma matumbawe kama walivyofanya wazee hakuruhusiwi tena, na sheria hiyo kijijini niliisoma mimi mwenyewe kwa sauti kubwa. Tunataka chokaa ya zamani, iliyorojeshwa kwa maji ikakaa chini ya ardhi miaka. Iko wapi?

Jambo jingine la kuandika: chini ya simiti ile kuna viganja. Desturi ya Tumbeni ni kwamba fundi akimaliza kuutengeneza ukuta wa kusini, hukandamiza kiganja chake katika chokaa mbichi karibu na dirisha. Haandiki jina. Anauachia ukuta mkono wake, basi. Vilikuwa viganja sita. Cha mwisho ni cha baba yangu, kina vidole vinne kwa sababu kidole chake kidogo kilisagwa na jiwe akiwa kijana. Juu ya simiti kuna kiganja kimoja tu, nacho ni changu.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekwenda kwa Bibi Rai, dada yake baba, ambaye ametimiza miaka themanini na minne na hajawahi kuniacha nimalize sentensi. Nilimkuta barazani kwake akikuna nazi.

"Chokaa?" akasema. "Si babako alifukia shimo zima mwaka aliokufa? Sabini na ngapi ile?"

"Tisini na nane, Bibi."

"Ndiyo hiyo. Akaifunika kwa makuti na mchanga. Akasema, 'Hii ni ya atakayekuja baada yangu.' Hatua ishirini kutoka kisimani, ukielekea kwenye mkwaju."

Nikaenda kuhesabu. Mkwaju ulikatwa zamani. Hatua ya ishirini imenifikisha katikati ya kibanda cha kinyozi cha Sefu.

Sefu ni mtoto wa kaka yangu. Mwaka juzi alimwaga sakafu ya zege ndani ya eneo la hifadhi bila ruhusa, akasimamisha kibanda cha kunyolea watu, na muziki. Nimemwandikia barua mbili rasmi zenye muhuri. Ya kwanza hakuijibu. Ya pili aliibandika juu ya kioo, wateja wanaisoma wakinyolewa.

Basi siendi kumwomba.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Siendi.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Tumbo la ukuta limeongezeka upana wa vidole viwili. Nimelipima kwa rula yangu ya darasani.

Jumanne, 15 Aprili

Husna, binti yangu, amepiga simu kutoka Mombasa. "Mama, si umwombe tu Sefu?" Nimemwambia mtandao ni mbaya.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Vidole vitatu.

Ijumaa, 18 Aprili

Leo nimeona haya, na nitayaandika yalivyokuwa.

Asubuhi, baada ya mvua kubwa, kipande cha simiti chenye ukubwa wa mlango kilianguka. Kilianguka na mawe matatu ya ukuta. Watoto wa madrasa walikuwa ndani. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, lakini nilipofika nilimkuta mwalimu wao amesimama uani, vitabu vyote amevikumbatia kifuani. Kupitia lile tundu niliona daka la ndani na mwanga ukiingia mahali ambapo mwanga haujaingia tangu nyumba ijengwe.

Nilimpigia Musyoki. Sikukumbuka kuwa kwao ni Ijumaa Kuu. Nilisikia watu wakiimba nyuma yake.

"Nakuja," akasema.

Alikuja na suti ya kanisani, tai shingoni, na vijana wawili wa kwaya. Wakabeba miti ya mivinje kutoka shambani kwake, wakauegemeza ukuta. Yeye mwenyewe alipiga magoti kwenye tope, suti na yote, akachimbia mguu wa kila mti kwa mikono. Mvua ikawarudia, hawakuondoka. Watu wetu wa Tumbeni wakawa wamesimama chini ya paa la jirani, na nilimsikia mmoja akisema, "Si ndiye aliyeuharibu? Acha auzuie."

Musyoki alisikia. Mimi pia nilisikia. Yeye alinyamaza kwa sababu ya ustaarabu. Mimi nilinyamaza kwa sababu nyingine.

Alipomaliza akaniambia, "Miti hii itashika wiki mbili, Mwalimu. Baada ya hapo sikuahidi kitu."

Jumamosi, 19 Aprili

Nimekwenda kwa Sefu.

Alikuwa akimnyoa mtu. Muziki akauzima mwenyewe kabla sijasema. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba." Barua yangu ya pili ilikuwa pale juu ya kioo, muhuri unanitazama. Nikasema yote kwa pumzi moja: shimo, babu yake, hatua ishirini, zege.

Alimaliza kumnyoa yule mtu. Akampangusa shingo. Akanigeukia.

"Shangazi, Bibi Rai ameniambia tangu Jumatano ya wiki ile. Nilikuwa nakungoja wewe."

"Ulikuwa unaningoja nije kukupigia magoti?"

"La. Nilikuwa nakungoja uje, basi. Tangu nimefungua hapa hujawahi kuingia, zinaingia barua zako tu."

Yeye alinipa kiti, kile cha kuzunguka, nikakaa.

Jumapili, 20 Aprili

Sefu amevunja sakafu yake mwenyewe kwa nyundo kubwa, tangu saa moja asubuhi hadi adhuhuri. Hakumkubalia mtu kumsaidia. Chini ya zege kulikuwa na mchanga, chini ya mchanga makuti yaliyooza, na chini ya makuti chokaa ya baba yangu, nyeupe na laini kama siagi, bado ina ubaridi. Miaka ishirini na saba. Sefu aliichota kwa kidole akaniletea nilipokuwa nimekaa, naye macho yamemtoka.

"Babu alikuwa fundi kweli," akasema.

Nilijivuna mpaka kifua kikauma. Sefu nimempa nane. Angepata tisa, lakini ule muziki.

Alhamisi, 24 Aprili

Tumeanza kubandua simiti iliyosalia. Musyoki hakutaka nyundo nzito. Anatumia patasi, anapenyeza polepole, kama anayembandua mtoto bandeji.

Saa nne tulifika penye viganja. Simiti ilikuwa imeng'ang'ania. Cha kwanza kilitoka nayo, ngozi yote ya chokaa ikavuliwa, pakabaki jiwe tupu. Cha pili vilevile. Cha tatu. Cha nne. Kila kimoja kilipotoka Musyoki alisimama kidogo, akanitazama, akaendelea. Cha tano kilitaka kubanduka, kisha kikabaki chote. Sijui ni cha nani, ni cha mtu mwenye mkono mdogo. Cha sita, cha vidole vinne, kilitokea kizima.

Niliweka mkono wangu juu yake. Nililia mbele ya mafundi, nami si mtu wa kulia mbele ya watu.

Sasa niandike lile ambalo daftari hili limelizunguka tangu mwanzo. Miaka tisa iliyopita ilikuwa harusi ya Husna, iliyofanyika Nyumba ya Mawe. Wakwe walikuwa wanatoka mjini, watu wa majumba ya ghorofa, nami nilitaka ukuta unyooke na kung'aa. Musyoki aliniambia waziwazi, "Mwalimu, hapa papakwe chokaa. Simiti itaunyima ukuta pumzi." Nikamjibu kwamba chokaa ni kazi ya kizamani, na kwamba mimi ndimi ninayeajiri. Akasema, "Na viganja?" Nikasema, "Vitakuwa salama ndani." Alipomaliza alitaka kuweka kiganja chake kama ilivyo desturi. Nikamwambia desturi hiyo ni ya ukoo. Nikaweka changu.

Ukuta ulipoanza kutuna, watu wakauliza. Nilisema neno moja tu: "Fundi ndiye ajuaye kazi yake." Wakaelewa walivyoelewa. Tangu siku hiyo hakuna nyumba hata moja ya Tumbeni iliyompa Musyoki kazi. Aliyajua yote, na hakuwahi kufungua kinywa.

Kwa hiyo viganja vinne nimeviua mimi. Mafundi wanne waliokaa ukutani miaka mia na zaidi, mimi nikawatoa kwa ajili ya wageni wa siku moja. Hapa sina alama ya kujipa.

Ijumaa, 25 Aprili

Kiganja changu cha simiti kimetoka kizima, na kipande chake kama sinia. Musyoki amekifunga kwa gunia akanipa. "Chako hiki," akasema. Nimekiweka chini ya kitanda.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Musyoki ameongeza miti ya kuuegemeza ukuta, na Sefu na wenzake wamejenga kipaa cha makuti mbele yake. Nilidhani mvua ni adui. Musyoki anasema chokaa huogopa jua kuliko mvua: ikikauka upesi hupasuka. Inataka kivuli, unyevu na subira.

Alhamisi, 15 Mei

Siku ya kutwanga. Chokaa ya zamani haikubali kuchanganywa na mchanga mpaka ipigwe, na kazi hiyo ni ya wanawake tangu zamani. Tulikuja kumi na saba, kila mmoja na mchi wake. Bibi Rai aliwekewa kiti, akatuongoza nyimbo za kutwangia ambazo nusu yake haziandikiki katika daftari la mwalimu. Michi ikaenda pamoja: huu unapanda, ule unashuka. Kutoka kule mashamba ya walowezi akaja mke wa Musyoki, Mwelu, na mchi wa nyumbani kwake, akasimama pembeni. Nikamvuta mkono akaingia katikati.

"Wa kwenu huimbaje?" Bibi Rai akamuuliza.

Akaimba wimbo wa Kikamba wa kutwanga mtama. Hatukujua maneno, lakini michi ilijua. Sijawahi kukipenda kijiji hiki kama nilivyokipenda leo, na mabega yangu hayataniwia radhi wiki nzima.

Wakati wa kuondoka Bibi Rai alinishika kanga. "Yule mama mumewe amenyimwa kazi hapa miaka tisa. Unajua kwa nini?"

"Bibi..."

"Mkono ule wa ukutani nilikuwa nauona kila siku nikipita. Nikasema, tangu lini Mwanasha akawa fundi?" Akacheka bila meno. "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Si ulikuwa ukiwafundisha watoto?"

Niliifundisha miaka thelathini na miwili. Niliiandika ubaoni kwa mwandiko mzuri.

Jumatano, 21 Mei

Mawe matatu yaliyoanguka yamerudishwa mahali pake, na mkono wa kwanza wa lipu, yaani tabaka la kwanza la chokaa, umepakwa.

Jumanne, 3 Juni

Mkono wa pili. Tunaulowanisha ukuta asubuhi na jioni kwa majani ya mnazi.

Jumatatu, 9 Juni

Iddi ya kuchinja imepita. Mwelu nimempelekea nyama, amenirudishia sahani na muthokoi, mahindi yao yaliyokobolewa. Ukuta umebaki sehemu moja tu, kando ya dirisha, ukubwa wa sinia. Nimemuuliza Musyoki mbona haimalizi. "Itamalizwa mkaguzi akishapita," akasema. "Asipouridhia ukuta, sitaki kumaliza."

Alhamisi, 12 Juni

Mkaguzi ni binti mdogo kuliko nilivyodhani, Bi. Mbinya, ana viatu vya matope na daftari kubwa kuliko langu. Kijiji chote kilikuwa uani. Aliugonga ukuta kwa vifundo, kama Musyoki. Akaunusa. Akavitazama viganja viwili kwa muda mrefu, akaweka kidole pale ambapo kidole cha baba hakipo.

Kisha akafungua daftari. "Ukuta mmeurudisha. Lakini lazima niandike historia ya uharibifu. Simiti ilipakwa na nani?"

Watu wakamtazama Musyoki. Naye, Mungu amlipe, alivua kofia akaanza, "Ni mimi, dada, niliye..."

"Kaa, Fundi," nikasema.

Gunia nilikuwa nalo tangu asubuhi, nyuma ya mlango. Nililiburuta mwenyewe mpaka barazani, nikalifunua. Kiganja cha simiti kikatazama juu. Nikauweka mkono wangu ndani yake mbele ya watu wote. Uliingia sawasawa, umezeeka tu.

"Ni mimi," nikasema. "Fundi alinikataza. Nilimlazimisha, kisha nikamwachia lawama miaka tisa. Andika Mwanasha binti Abdulwahab. Nikutajie herufi?"

Yule aliyesema siku ya mvua "acha auzuie" alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Bibi Rai peke yake ndiye aliyepaza sauti: "Mficha uchi hazai! Amezaa leo." Watu wakacheka, na kicheko kile kilinitua mzigo.

Bi. Mbinya aliandika. Halafu akasema nyumba inabaki katika orodha, na kipande kile cha simiti kiwekwe ndani, katika daka, kisitupwe. "Nacho ni historia," akasema. Sefu amekibeba akakiweka daka la kumi na mbili. Atakayeuliza ni cha nani, nitamjibu mwenyewe.

Ijumaa, 13 Juni

Jua la asubuhi, upepo wa kusi unavuma. Musyoki amepaka ile sehemu iliyobaki, akaisawazisha, akaanza kufuta vyombo vyake.

"Bado," nikamwambia.

"Bado nini, Mwalimu?"

"Mkono."

Akatazama chini. "Ulisema desturi ni ya ukoo."

"Nilisema. Huyu mwenye mkono mdogo hapa ni wa ukoo gani? Humjui, wala mimi simjui. Tunachojua ni kwamba ukuta wake ulisimama."

Alinawa kwanza, mpaka viwiko. Nilisogea nikampisha. Aliweka kiganja chake kando ya kile cha baba yangu, akakikandamiza, akahesabu kimya kwa midomo, akakitoa. Vidole vitano, pamoja na kovu la patasi kwenye gumba. Sefu alianza kupiga makofi, halafu uani mzima, na Mwelu akajifunika uso kwa kitambaa chake.

Kabla hajaondoka, jirani mmoja amemshika mkono wenye chokaa, amemwonyesha ukuta wa nyumba yake uliopasuka, na kumuuliza ana nafasi lini.

Nimerudi nyumbani, nimekaa mezani, nimechukua kalamu nyekundu ambayo sijaishika tangu nistaafu. Musyoki, fundi wa Tumbeni: kumi kwa kumi.